Kifuniko cha pikapu na hesabu ya dizeli Ufipa

Katika Wilaya ya Nkasi pikapu ni gari la kazi. Ndiyo inayotoa mahindi na maharage Kate kwenda Namanyere na Sumbawanga, ndiyo inayopandisha dagaa na migebuka kutoka Kirando na Kipili kwenye Ziwa Tanganyika, na ndiyo inayobeba mabati, saruji, mbolea, wagonjwa na majeneza. Mwenye gari la namna hiyo anaifuatilia bei ya dizeli kwa karibu. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) hutangaza bei kikomo, na wilaya za pembezoni kama Nkasi huwa juu ya Dar es Salaam kwa sababu mafuta yenyewe yanapaswa kusafirishwa kwa lori kutoka bandarini hadi huku. Mtu akija na kifaa na kusema kitapunguza matumizi ya mafuta, lazima atasikilizwa. Mojawapo ya vifaa hivyo ni kifuniko cha bodi: kile bapa cha turubai gumu, cha alumini au cha faiba kinacholazwa juu ya kingo za bodi, au kile cha kuteremka kutoka paa la kabini hadi mlango wa nyuma. Ahadi inayoambatana nacho ni kwamba gari litapasua upepo kwa urahisi zaidi na dizeli itapungua. Ahadi hiyo ni ya kweli kisayansi, lakini imepimwa katika mwendo na barabara ambazo si za Kate. Kwenye changarawe za uwanda wa Ufipa, kifuniko kizito kinaweza kuongeza mafuta badala ya kuyapunguza, na anayekinunua anapaswa kukinunua kwa sababu nyingine kabisa.

Tuanze kwa kuipa haki hoja ya wanaokiuza, maana kifuniko kinafanya kazi fulani kweli. Anayetaka kuliona jambo hili kwa macho aitazame pikapu iliyokwisha kushusha mahindi mashineni ikirudi tupu. Pumba na makapi yaliyobaki kwenye sakafu ya bodi hayarushwi yote nyuma barabarani kama mtu angedhani. Mengi yanazunguka, yanasogea mbele, na mwisho yanajikusanya kwenye kona za nyuma ya kabini, chini ya kioo. Hewa inayopita juu ya paa la kabini haianguki mara moja ndani ya bodi. Inaruka hadi karibu na mlango wa nyuma, na sehemu yake inageuka na kurudi mbele juu ya sakafu. Ndani ya bodi panakuwa na mzunguko wa hewa usiokatika, na nishati ya kuuzungusha inatoka kwenye injini. Nyuma ya gari nako hewa inabaki na shinikizo dogo, na shinikizo hilo dogo linalivuta gari kurudi nyuma. Kifuniko bapa kinaifanya hewa ielekee nyuma kwa utulivu zaidi, na mvuto huo unapungua. Kile cha kuteremka kinafanya vizuri zaidi, kwa kanuni ambayo Mjerumani Wunibald Kamm na wenzake wa Stuttgart waliifanyia kazi miaka ya 1930: umbo la gari lishuke taratibu kuelekea nyuma, kisha likatwe wima. Likishuka ghafla mno, hewa inaachana na umbo na faida inapotea.

Katika suala hilohilo la hewa ndani ya bodi kuna imani moja iliyoenea duniani kote, nayo ni kwamba ukiushusha mlango wa nyuma wa bodi, au ukiung'oa kabisa, hewa itapita moja kwa moja na mafuta yatapungua. Mwaka 2004 mhandisi Kevin Cooper wa Baraza la Taifa la Utafiti la Kanada alichapisha matokeo ya vipimo vya pikapu kwenye handaki la upepo, na ushauri wake ulikuwa wazi: mlango ubaki juu. Ukiwa umefungwa, ule mzunguko wa hewa ndani ya bodi unafanya kazi kama mto unaoipokea hewa ya juu na kuipitisha nyuma kwa utulivu. Ukiushusha, mto unavurugika na ukinzani unaongezeka. Kipindi cha televisheni cha Marekani cha MythBusters nacho kiliyaendesha magari mawili ya aina moja kwa kiasi sawa cha mafuta, na lenye mlango uliofungwa ndilo lililokwenda mbali zaidi. Kwa hiyo dereva anayeendesha na mlango umelala kwa nia ya kuokoa dizeli aufunge leo. Hilo halina gharama yoyote, na kwa kweli ni ushauri wenye faida kuliko nusu ya vifaa vinavyouzwa.

Kifuniko bapa kinapunguza ukinzani wa hewa kwa kiasi gani? Majibu yanatofautiana kwa aina ya gari na urefu wa bodi, lakini takwimu inayotajwa sana ni karibu asilimia 6, nayo imetoka kwa SEMA, chama cha Marekani cha watengenezaji na wauzaji wa vifaa vya ziada vya magari. Ni chama cha wenye bidhaa, hivyo si busara kudhani wamejipunja. Hata hivyo tuichukue asilimia 6 kama ilivyo, tuwape faida yote wanayoidai, kisha tuone inakuwa nini ikifika Nkasi. Jambo la kushika ni kwamba asilimia 6 ya ukinzani wa hewa si asilimia 6 ya mafuta. Injini inapambana na mambo kadhaa kwa wakati mmoja: hewa, matairi yanayobonyea na kubingirika, mlima, na msuguano wa vyuma vyake yenyewe. Kifuniko kinagusa la kwanza tu. Na hilo la kwanza linategemea mwendo kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu ukinzani wa hewa hukua kwa mraba wa mwendo. Ukiongeza mwendo mara mbili, ukinzani unakuwa mara nne.

Sasa tuifanye hesabu yenyewe. Chukua pikapu ya kawaida kama Toyota Hilux, yenye eneo la mbele la takriban mita za mraba 2.7 na kigezo cha ukinzani cha 0.4. Kabla ya kupiga hesabu lazima tukumbuke mahali tulipo. Sumbawanga iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na kwa urefu huo hewa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa karibu asilimia 17, hata ukizingatia baridi ya huku na joto la kule. Maana yake ni kwamba uwanda wa Ufipa umekwisha kumpunguzia dereva ukinzani wa hewa, bure, kwa karibu mara tatu ya kile ambacho kifuniko kinaahidi. (Hewa hiyohiyo nyepesi inazinyima nguvu injini za dizeli za zamani zisizo na tabo, na wenye magari hayo wanaijua adha yake milimani.) Kwa hewa ya Ufipa, gari letu likienda kilomita 50 kwa saa linasukumwa nyuma na hewa kwa nguvu ya kilo 10 hivi. Likienda kilomita 80, nguvu hiyo inafika kilo 26. Kwa kilomita 100, kilo 41.

Tulilinganishe hilo na barabara. Kwenye lami nzuri, matairi huhitaji nguvu ya takriban asilimia 1.2 ya uzito wa gari ili yaendelee kubingirika. Kwenye changarawe kavu kiasi hicho hupanda hadi asilimia 2.5 hivi, na kwenye tope la masika huzidi hapo sana. Pikapu iliyobeba mahindi, yenye uzito wa kilo 2,800 pamoja na mzigo, ikipita barabara ya Nkundi hadi Namanyere kupitia Kate kwa kilomita 50 kwa saa, inadaiwa na barabara kilo 70 za nguvu. Hewa inadai 10. Jumla ni 80, na kifuniko kinaahidi kupunguza asilimia 6 ya zile 10, yaani sita ya kumi ya kilo moja. Hiyo haifiki hata asilimia 1 ya jumla. Wala hatujaweka bado mashimo, rasta za barabarani zinazomfanya dereva apunguze mwendo na kuongeza tena kila baada ya mita mia, mito midogo, ng'ombe, na matuta. Kila dereva anapokanyaga breki, nishati aliyoilipia kwa dizeli inageuka joto kwenye diski, na hakuna umbo la bodi linaloweza kuirudisha.

Mbaya zaidi, kifuniko chenyewe kina uzito, na hapa ndipo wauzaji wanaponyamaza. Kile chepesi cha turubai lenye fremu ya alumini kinaweza kuwa na kilo 15 hadi 25. Cha faiba kigumu hufika 30 hadi 50. Kanopi kamili ya faiba hupita kilo 60, na ya bati la chuma iliyochomelewa na fundi inaweza kuzidi 100. Kilo 50 za kifuniko, zikibebwa juu ya changarawe kila siku, zinaongeza kilo moja na robo kwenye nguvu ambayo matairi yanadai. Kumbuka kwamba kwa kilomita 50 kwa saa kifuniko kiliokoa sita ya kumi tu. Kinakula mara mbili ya kile kinacholeta. Ili kifuniko hicho kilipe uzito wake na kwenda sare tu, pikapu ingelazimika kukimbia zaidi ya kilomita 70 kwa saa kwenye changarawe, mwendo ambao kwenye barabara nyingi za Nkasi ni wa kutafuta ajali au kuvunja springi. Idara ya Nishati ya Marekani, kwa vipimo vyake, inakadiria kwamba kila pauni 100 za ziada, yaani kilo 45, hupunguza umbali ambao gari linakwenda kwa lita kwa karibu asilimia 1. Makadirio hayo ni ya magari ya barabara za Marekani. Kwenye changarawe hali haiwezi kuwa nafuu.

Kuna swali jingine ambalo mwuzaji hatalileta mezani: je, bodi huwa tupu kwa muda gani? Kifuniko bapa kinaondoa ukinzani wa shimo la bodi, na shimo hilo lipo pale tu bodi inapokuwa wazi na tupu. Pikapu iliyojaza magunia hadi usawa wa kingo haina shimo. Magunia yenyewe yamekuwa kifuniko, na ukiyafunika kwa ubao wa faiba hujaongeza chochote ila uzito. Ikijaza kupita kingo, kama inavyokuwa wakati wa mavuno ambapo magunia hupangwa hadi juu ya kabini, kifuniko bapa hakiwezi hata kufungwa. Mwenye gari atakiacha nyumbani kikikaa uani, au atapunguza mzigo ili kifungike. La pili ni hasara kubwa kuliko yote, kwa sababu safari moja zaidi ya kumalizia magunia yaliyobaki inateketeza mafuta ambayo kifuniko kisingeyaokoa hata kwa mwaka. Gari la kazi linapimwa kwa lita kwa kila gunia lililofika sokoni, wala si kwa lita kwa kila kilomita, na kwa kipimo hicho bodi inayobeba kwa uhuru inaishinda bodi iliyofungwa.

Wapo watakaosema kwamba picha hii ni ya zamani, kwamba lami imefika. Ni kweli, na ni hoja yenye uzito. Barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga, karibu kilomita 224, ilijengwa kwa lami kwa msaada wa Shirika la Changamoto za Milenia la Marekani chini ya mkataba uliosainiwa mwaka 2008, na lami imeendelea kaskazini kuelekea Mpanda, kama ilivyoshuka pia kupitia Matai hadi bandari ya Kasanga. Pikapu inayotembea mara kwa mara kati ya Sumbawanga na Tunduma ikiwa tupu au na mzigo mdogo, kwa kilomita 100 kwa saa, ina hesabu tofauti na ile ya Kate. Hewa inadai kilo 41 na matairi kilo 26. Kifuniko kinaokoa karibu kilo 2.5, na hata ukitoa uzito wake bado kinabaki na faida. Kwa dizeli, tunazungumzia pengine asilimia 2 au 3. Siikatai faida hiyo. Lakini itazame kwa pembe nyingine: asilimia 6 ya ukinzani wa hewa kwa kilomita 100 kwa saa ni sawasawa na kupunguza mwendo hadi kilomita 97. Dereva akiulegeza mguu wake kidogo tu, bila kununua kitu, anapata kila kinachoahidiwa na kifuniko. Akishuka kutoka 110 hadi 90, ukinzani unashuka kwa theluthi nzima, na safari yote ya Tunduma inaongezeka kwa chini ya nusu saa. Tena barabara hiyo inapita vijijini na katika miji midogo kama Laela, ambako sheria inataka kilomita 50 na matuta yapo, na kila kipande cha namna hiyo kinairudisha pikapu kwenye hesabu ya mwendo mdogo.

Pingamizi la pili ni la upepo wenyewe, na kwa Ufipa si la kupuuzwa. Miezi ya kiangazi, hasa kuanzia Juni, upepo wa kusini-mashariki unavuma kwenye uwanda huu ulio wazi, wenye nyasi na miti michache, na mtu anayeendesha kuelekea huko anauhisi kwenye usukani. Gari linalokwenda kilomita 60 dhidi ya upepo wa kilomita 30 linakutana na hewa kana kwamba linakwenda 90. Likigeuka na kurudi, upepo unalisukuma na linakutana na hewa ya kilomita 30 tu. Kwa sababu ya ule mraba, kwenda na kurudi hakufidiani: wastani wa ukinzani unapanda kwa asilimia 25 kuliko siku isiyo na upepo. Kwa hiyo ni haki kusema kwamba Ufipa yenye upepo inakipa kifuniko kazi kidogo zaidi kuliko hesabu ya siku tulivu. Lakini robo ya nyongeza juu ya kitu kidogo inabaki kuwa kitu kidogo. Ile sita ya kumi ya kilo inasogea, haifiki hata kilo moja, na bado inazidiwa na uzito wa kifuniko kigumu. Upepo wa ubavuni, ambao ndio wa kawaida kwa anayekwenda kaskazini na kusini, unaleta hatari nyingine: kanopi ndefu inalipa gari ubavu mkubwa zaidi wa kusukumwa.

La tatu ni la wanaosema kidogo kidogo hujaza kibaba, kwamba asilimia 1 kwa gari moja ni ndogo ila kwa magari mengi ni fedha nyingi. Tulipime hilo nalo kwa shilingi. Pikapu inayotembea kilomita 20,000 kwa mwaka na kutumia lita 11 kwa kila kilomita 100 inateketeza lita 2,200. Asilimia 1 ni lita 22. Kwa bei ya Sh 3,000 kwa lita, ili hesabu iwe nyepesi, hiyo ni Sh 66,000 kwa mwaka mzima. Kifuniko kigumu cha kuagizwa kinagharimu mara nyingi ya hapo, na pikapu nyingi za Nkasi si mpya. Gari linaweza kuchoka kabla kifuniko hakijarudisha fedha. Mahali ambapo hoja ya wingi ina maana ni kwa magari ya serikali na mashirika, yale ya kabini mbili yanayotoka Sumbawanga kwenda Dodoma kwa lami karibu safari yote, yakiwa na abiria wachache na bodi tupu. Hapo kifuniko chepesi ni uamuzi wa busara, na maofisa wa manunuzi wangefanya vema kukifikiria. Wangefanya vema zaidi kuweka na kusimamia ukomo wa mwendo kwa madereva wao.

Kinachokula dizeli kwa kweli kwenye barabara za Nkasi kinajulikana, ila hakina muuzaji wa kukitangaza. Matairi yenye upepo pungufu yanaongoza: Idara ileile ya Nishati ya Marekani inasema kila psi 1 inayopungua kwenye matairi yote inachukua asilimia 0.2 ya ufanisi, hivyo matairi yaliyopungua psi 5 yanagharimu asilimia 1 nzima, sawa na ahadi yote ya kifuniko, na dawa yake ni pampu. Keria lenye mzigo juu ya paa ni baya zaidi kwenye mwendo wa lami, kwa sababu linaongeza eneo la mbele la gari. Halafu kuna mlima. Maji ya Ziwa Tanganyika yako mita 773 juu ya usawa wa bahari na uwanda uko karibu mita 1,000 juu zaidi. Kupandisha tani moja ya dagaa kimo hicho kunahitaji karibu lita moja ya dizeli kwa injini inayogeuza asilimia 30 ya mafuta kuwa kazi, na uzito wa gari lenyewe unadai lita mbili nyingine. Hakuna umbo la bodi litakalobadilisha hesabu ya mlima. Kinachoweza kuibadilisha ni kutokushuka Kipili na gari tupu kisha kupanda na nusu mzigo. Wafanyabiashara wanaopanga safari pamoja, wakashuka na mahindi au saruji na kupanda na samaki, wanaokoa kwa safari moja zaidi ya kile ambacho kifuniko kinaokoa kwa miezi.

Pamoja na yote hayo, simshauri mtu aitembeze pikapu yake wazi. Kifuniko kina thamani kubwa Ufipa, ila thamani hiyo iko kwenye mzigo. Mvua za uwandani huanza Novemba na kwenda hadi Aprili, na mahindi yaliyolowa njiani hayapokelewi kwa bei nzuri. Kiwango kinachotakiwa sokoni, na kwenye maghala ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula (NFRA), ni unyevu usiozidi asilimia 13.5. Mahindi mabichi yakirundikwa ghalani huota ukungu, na ukungu huo huleta sumukuvu, ambayo mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Gunia moja la kilo 100 likiharibika, kwa bei ya Sh 500 kwa kilo, ni Sh 50,000 zimekwenda, karibu sawa na akiba ya dizeli ya mwaka mzima tuliyoipigia hesabu. Kiangazi nacho kina vumbi. Dagaa wa Kirando walioanikwa vizuri wakifika sokoni na mchanga, mnunuzi anautambua kwa jino la kwanza na bei inashuka hapohapo.

Na vumbi linatufundisha jambo kuhusu aina ya kifuniko cha kuchagua. Shinikizo dogo nyuma ya gari ndilo linalolivuta vumbi lililotimuliwa na matairi na kulirudisha juu ya mlango wa nyuma. Kanopi iliyofungwa mbele na kuachwa na upenyo nyuma inageuka kifaa cha kunyonyea vumbi. Abiria au mzigo uliomo ndani unatoka mwekundu. Dawa zake ni mbili: kuziba kingo za mlango wa nyuma kwa mpira, na kufungua tundu dogo lenye chujio sehemu ya mbele juu ya kabini ili hewa safi iingie na kusukuma kutoka ndani. Turubai la kawaida nalo lina kasoro yake likifungwa ovyo. Utingo anapolifunga pembe nne tu kwa mipira ya tyubu, katikati linavimba na kupigapiga, linaongeza ukinzani na kujichana lenyewe kwenye vyuma. Likipitishiwa kamba kila sentimita 40 hivi, likakazwa kutoka mbele kwenda nyuma, na ncha ya mbele ikawa chini ya usawa wa paa la kabini ili upepo usipate pa kuingilia, linakuwa kifuniko kizuri kwa gharama ndogo, linakubali mzigo wowote, na likikunjwa linakaa nyuma ya kiti.

Kwa hiyo mafundi wa kuchomelea wa Sumbawanga na Namanyere, wanaoombwa kila siku kutengeneza kanopi za bati, nawaomba waache bati. Fremu ya bomba jembamba inayong'oka, upinde mmoja wa kati ili maji yasituame, na turubai zito lenye matundu ya chuma pembeni: vyote pamoja visizidi kilo 20. Uzito huo hauharibu hesabu hata kwenye changarawe. Mwenye gari naye asiamini makala hii wala tangazo la mwuzaji, apime. Jaza tenki hadi pampu ijikate, andika kilomita, fanya safari zako za kawaida za wiki mbili za Kate, Namanyere na Sumbawanga, jaza tena kwenye pampu ileile na uandike lita. Kisha funga kifuniko, rudia kwa njia zilezile, mzigo uleule na upepo uleule wa matairi. Tofauti ikiwa chini ya lita mbili kwa tenki la lita 80, kifuniko hicho hakikupunguzii mafuta ya kuhesabika, na muuzaji aliyekuahidi zaidi ya hapo ajulishwe hivyo.